Mwanangu ana selimundu, wanataka ashike bango mstari wa mbele. Nimruhusu?

Swali: "Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Tabora mjini. Binti yangu ana miaka 11 na ana selimundu. Tuligundua akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, baada ya kuvimba viganja na nyayo. Anahudhuria kliniki, anatumia foliki, na tangu mwaka jana wamemwanzishia haidroksiyurea. Sasa kamati ya mtaa na shule yake wanaandaa matembezi ya Siku ya Selimundu, Juni 19. Wanataka atembee mbele kabisa akiwa na bango lenye picha yake, kilomita tano hadi uwanjani, kuna matarumbeta na mgeni rasmi. Mimi naogopa, maana mwaka juzi alilazwa siku tano baada ya michezo ya shule. Baba yake anasema aende, watu wajue. Wifi yangu anasema tunajiaibisha, kwamba kwao ugonjwa huu haupo, umetoka upande wangu, na kama ni kutangaza nikatangaze kwa wazazi wangu. Mama mkwe naye ananiletea rozela na vidonge vya kuongeza damu ili mtoto apate nguvu ya kutembea. Nifanye nini? Na haya matembezi yanasaidia nini hasa?"

Marahaba, mama, na pole kwa hizo siku tano za wodini. Aliyekesha na mtoto anayelia mifupa hazisahau.

Barua yako ina maswali manne yaliyofungwa kwenye kitenge kimoja: mtoto kutembea, maneno ya wifi, vidonge vya mama mkwe, na faida ya matembezi yenyewe. Naanza na mtoto, kwa kuwa ndiye anayekunyima usingizi. Jibu langu ni kwamba anaweza kushiriki, ila si kwa kilomita zote tano, na si kwa ratiba ya shughuli zetu kama ninavyozifahamu. Kuhusu bango lenye picha yake nina neno, nitalifikia.

Nikusimulie kosa langu kwanza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kamati ya matembezi ya namna hiyo, mji sitautaja. Tulikuwa na watoto kumi na wawili wa kliniki yetu, wamevaa fulana nyekundu ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya boksi. Tuliwaambia wafike saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tukaanza kutembea saa tatu. Matembezi yenyewe yalichukua dakika arobaini, na watoto walitembea vizuri, wanacheza nyuma ya matarumbeta. Kisha tukakaa uwanjani kumsubiri mgeni rasmi, akafika saa sita kasoro robo. Turubai lilikuwa moja tu, la meza kuu. Maji yalikuwepo, tena katoni nyingi, yamepangwa chini ya meza hiyohiyo, yakisubiri kugawiwa baada ya hotuba. Usiku ule watoto wawili walilazwa kwa maumivu. Asubuhi nilipopita wodini, yule mdogo alikuwa bado amevaa ile fulana. Kifuani imeandikwa "Tunajali".

Tangu siku hiyo mzazi akiniuliza kama mtoto atembee, namuuliza kwanza: mtasubiri muda gani, na mtasubiria wapi?

Sababu iko ndani ya damu yenyewe, na ukiielewa utaweza kuamua mambo mengi bila kuniuliza mimi. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Himoglobini ya binti yako ina tofauti ndogo mno: katika mnyororo wake mmoja, nafasi ya sita, kiungo kiitwacho valini kimekaa mahali pa kingine, asidi ya glutamiki. Kiungo kimoja tu. Chembe ya kawaida ni laini, ya duara, imebonyea katikati kama andazi lililokandamizwa kwa kidole, na hujikunja ikapenya hata kwenye vishipa vyembamba kuliko yenyewe. Ya binti yako, ikishaachia oksijeni, himoglobini zake huanza kushikana na kujipanga kama nyuzi. Chembe inakakamaa na kupinda kama mundu, na ndiko jina la selimundu lilikotoka. Vishipa huziba, sehemu iliyo mbele ya kizuizi inakosa oksijeni, na hayo ndiyo maumivu unayoyaona akiyashikilia mapajani na mgongoni.

Hapo kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Kushikana kule hakutokei papo hapo, huchukua muda kidogo. Chembe ikipita haraka kwenye kishipa na kurudi mapafuni kabla nyuzi hazijakaza, inapata oksijeni na kunyooka tena. Kwa hiyo hatari inakuja pale kitu chochote kinapoichelewesha damu njiani au kinapoikausha chembe. Baridi hubana mishipa, damu ikapita polepole. Upungufu wa maji hukausha chembe, himoglobini zikabanana zaidi na kushikana upesi. Homa na maambukizi hufanya yote mawili. Kukimbia hadi kuhema kunamaliza oksijeni. Ukizijumlisha hizi utaelewa kwa nini michezo ile ya shule ilimlaza: sidhani kama ni kukimbia peke yake, nadhani ni kukimbia bila kunywa.

Na Juni ya Tabora unaijua kuliko mimi. Alfajiri baridi ya kiangazi, watu wamejitanda mashuka hadi masikioni. Ikifika saa sita jua limewaka na vumbi limetanda. Mtoto anayeitwa saa kumi na mbili akiwa na fulana nyepesi, kisha akaachwa juani hadi mchana bila maji, amepitishwa kwenye hatari zote mbili siku moja, na hapo hata nusu kilomita hajatembea.

Kuna na figo. Selimundu huziharibia mapema uwezo wa kukoleza mkojo, ndiyo maana watoto hawa hukojoa sana na wengine hukojoa kitandani wakiwa wakubwa. Wakati mwingine huchapwa kwa hilo, nao hawana kosa. Maana yake ni kwamba binti yako anapoteza maji hata akiwa amekaa kimya. Sasa fikiria msichana wa miaka 11 kwenye msafara wa watu mia, choo hakijulikani kilipo. Atafanya nini? Hatakunywa. Atashika chupa mkononi imejaa hadi mwisho, na ukimuuliza atasema nimekunywa. Kabla ya kuuliza kamati kama kuna maji, uliza kama kuna choo na nani atampeleka.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Wiki moja kabla apite kliniki, wamwangalie wingi wa damu na bandama. Kama ndani ya wiki mbili zilizopita alikuwa na homa au maumivu, mwaka huu akae. Juni 19 itarudi. Kama yuko vizuri, aanze kunywa maji tangu jana yake, na siku yenyewe anywe kidogo kidogo muda wote. Mtoto wa kilo 28 hadi 30 anahitaji karibu lita mbili kwa siku, na zaidi kukiwa na jua. Asubuhi avae sweta juu ya fulana. Kama kamati inataka rangi nyekundu ionekane, fulana iwe juu ya sweta, haidhuru akionekana mnene. Asianzie mwanzo wa safari. Apelekwe kwa bajaji hadi mahali pamebaki kama kilomita moja, aungane na wenzake pale, aingie nao uwanjani kwa mwendo wake. Kisha akae kwenye kivuli. Tabora hampungukiwi miembe. Mgeni rasmi akichelewa zaidi ya nusu saa, mrudishe nyumbani. Usimwombe mtu ruhusa.

Dawa zake azimeze kama kawaida. Haidroksiyurea haina kazi ya siku moja, kwa hiyo kumuongezea kidonge asubuhi ya matembezi hakutamsaidia na kunaweza kumdhuru. Inachofanya ni kuiamsha upya ile himoglobini ya utotoni, aliyokuwa nayo tumboni mwako. Himoglobini hiyo haishikani kuwa nyuzi, na ndiyo iliyomlinda miezi yake ya mwanzo, hadi ilipopungua na viganja vikavimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha dawa hii inapunguza maumivu, maambukizi, malaria, kuongezewa damu, na vifo. Ni dawa nzuri, ila inataka kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo msiruke tarehe za kliniki. Mfukoni muwe na panadol. Dawa kali zaidi za maumivu za dukani msizibebe bila kuelekezwa na kliniki. Baadhi zinaumiza figo, hasa mtoto akiwa amepungukiwa maji.

Vidonge vya mama mkwe. Bibi anampenda mjukuu wake, usigombane naye, lakini vidonge viweke kabatini. "Vidonge vya kuongeza damu" kwa kawaida vina madini ya chuma. Mtu aliyepungukiwa chuma vitamfaa. Binti yako damu yake hupungua kwa sababu nyingine: chembe ya kawaida huishi siku kama 120, zake huishi 10 hadi 20, kisha zinavunjika. Chuma cha zile zilizovunjika kinabaki mwilini na kutumika tena, na kila chupa ya damu anayoongezewa inaleta chuma kingine. Kikizidi kinajilimbikiza kwenye ini na moyo. Asipewe mpaka kipimo kionyeshe kimepungua. Anachohitaji ni foliki, maana uboho wake, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unafanya kazi ya kiwanda kisicholala. Rozela anywe, ni kinywaji kizuri, kinahesabika kwenye maji yake ya siku, sukari iwe kidogo. Ila damu haitapanda kwa sababu ya rangi yake. Na akitokea mtu wa kushauri bandama ichanjwe chale, mkatalie. Chale haifiki kwenye bandama. Inafungua mlango wa vijidudu kwa mtoto ambaye bandama yake, inayotakiwa kumkinga, imeshadhoofika.

Sasa wifi. Hapa nitasema wazi. Mtoto hapati selimundu kwa kurithi upande mmoja. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja ya mama na moja ya baba. Binti yako amepokea nakala yenye kasoro kutoka kwako na nyingine kutoka kwa baba yake. Ingetoka kwako peke yako angekuwa mbebaji tu, mzima kama wewe, anacheza mpira hadi magharibi. Baba yake naye aliipata kwa mmoja wa wazazi wake. Hata kama ni mzazi mmoja tu aliyekuwa nayo, wifi yako, waliyezaliwa tumbo moja, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Kusema "kwetu haupo" mara nyingi maana yake ni kwamba kwao hajapimwa mtu, au kuna watoto waliokufa wadogo ikasemwa ni malaria, au ni degedege, au ni mkono wa mtu.

Isitoshe, ingekuwa ajabu jeni hii isiwepo Tabora. Selimundu iliandikwa kwa mara ya kwanza katika majarida ya kitabibu mwaka 1910, na daktari wa Chicago aitwaye James Herrick aliyeona chembe zenye umbo la mundu kwenye damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Lakini iliyojibu kwa nini imejaa kwetu ni kazi ya Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1954 alionyesha kwamba wabebaji wana kinga dhidi ya malaria. Mtoto mwenye nakala moja anaumwa malaria kama wenzake, ila ile kali ya kuua humpata kwa nadra. Kwa karne nyingi, palipokuwa na mbu wengi, wabebaji walipona na kuzaa. Nyanda zenu na pwani ya Ziwa Tanganyika kule Kigoma ni nchi ya malaria, kwa hiyo ni nchi ya selimundu pia. Makadirio yanayotumika ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Ukoo unaojitoa humo wote unajidanganya.

(Na usidhani kinga hiyo inamfikia binti yako. Mwenye nakala mbili malaria humuumiza vibaya sana. Chandarua kila usiku, na muulize daktari wake kuhusu dawa ya kuzuia malaria kama hajaanzishiwa.)

Mnapofikiria mtoto mwingine, hesabu ni kama kurusha sarafu mbili kwa kila mimba: nafasi moja kati ya nne apate ugonjwa, mbili kati ya nne awe mbebaji, moja awe hana kabisa. Sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara iliyopita. Nimeonana na mama aliyeambiwa "umeshapata mgonjwa wako, watatu wanaofuata ni wazima", akapata wawili mfululizo.

Nimekuandikia haya umpe mumeo, awaambie ndugu zake yeye mwenyewe. Yakitoka kinywani mwako yatasikika kama majibizano.

Haya, matembezi yanasaidia nini? Siku hii iliwekwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la Desemba 2008, ikaanza kuadhimishwa 2009, na tangu hapo nimeona matembezi ya kila aina. Mengi huisha matarumbeta yanapofungwa kwenye gari. Yanayoacha kitu nimeyaona yana mambo mawili: bango linalosema jambo ambalo mama wa pembeni ya barabara anaweza kulitumia kesho, na huduma halisi mwisho wa safari.

Mabango mengi ni ya bure. "Tokomeza selimundu" ndilo linaloniudhi zaidi. Kipindupindu unakitokomeza kwa maji safi na vyoo. Selimundu imo ndani ya mwili wa huyu mtoto unayempa alibebe; akilisoma ataelewa wanataka kutokomeza nini? "Pima kabla ya kuoa" ni ushauri mzuri, ila kwenye msafara wa watoto wagonjwa linasomeka kama lawama kwa mama zao. Miaka michache nyuma mwalimu mmoja wa sanaa alituchorea viganja viwili vya mtoto mchanga, vimevimba kama mikate, chini yake akaandika: "Mtoto wako amevimba hivi? Mpime selimundu." Basi. Wiki mbili baadaye alikuja bibi mmoja na mjukuu wa miezi tisa mgongoni. Hakuniambia homa wala kulia. Alimfungua mtoto kanga, akanyoosha vile vidole vyake vinono mbele yangu na kusema, "Ni kama ile picha." Mtoto alikuwa nayo. Akaanza penisilini ya kila siku, ambayo watoto hawa hupewa hadi miaka mitano, akiwa bado hajapata nimonia hata moja. Sijui bango lingine lililofanya kazi kama lile.

La pili ni huduma. Ukimwambia mtu apime, mpe pa kupimia. Siku hizi kuna vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyotofautisha mbebaji na mgonjwa. Kile cha zamani cha kuangalia chembe zikijikunja kwenye kioo hakitofautishi: kinasema tu kasoro ipo. Kamati iulize ni kipi kitatumika, na majibu yatolewe faraghani na mtu aliyefundishwa kushauri, kamwe yasisomwe kwa sauti mezani. Nimeona ndoa ikitikisika kwa sababu ya karatasi iliyosomwa mbele ya majirani, mtoto ana ugonjwa na baba kipimo chake kinaonyesha hana kitu. Wakati mwingine kipimo kimekosewa, wakati mwingine kuna aina nyingine ya kasoro, na wakati mwingine ni yale mnayoyawaza. Meza ya uwanjani si mahali pa kuyajua.

Kitu ambacho ningekiweka mbele kuliko vyote ni damu. Watoto wa selimundu ni miongoni mwa wanaoitumia sana hospitalini. Juni 14 ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Karl Landsteiner aliyegundua makundi ya damu, na Kanda ya Magharibi ya Damu Salama makao yake yako hapohapo Tabora. Kamati iandike barua mapema, waje na vitanda vyao. Mtu wa miaka 18 hadi 65 mwenye kilo 50 na afya njema anaweza kuchangia, na wale vijana wa bodaboda wanaopiga honi nyuma ya msafara ndio hasa tunaowataka. Wapewe soda na biskuti, wapumzike kabla ya kuendesha.

Tahadhari moja ya kalenda: Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976, na shule nyingi huandamana. Ukiongeza mazoezi ya bendi, binti yako anaweza kujikuta anatembea mara nne ndani ya wiki moja. Mwalimu aambiwe wazi kwamba mazoezini hayumo. Atakuja siku yenyewe.

Nirudi kwenye picha yake. Bango likishapigwa picha na simu mia mbili, halirudi ndani. Mwaka kesho kutwa anaingia sekondari, na mtoto wa dawati la nyuma atakuwa nayo. Wapo watoto wanaotaka kujulikana, wanajisikia wepesi baada ya kusema, na sitawazuia. Wapo wanaokubali kwa sababu mwalimu mkuu, baba na mwenyekiti wa mtaa wameshakubali. Muulize mkiwa wawili tu, mnachambua mchele au mnasuka nywele, asiwe anakuangalia usoni. Usiulize "unataka kwenda?" maana atasema ndiyo. Muulize ni nini kiandikwe, na nani asome. Akisita, kuna bango la viganja, kuna bendera, kuna kukaa na wewe kivulini mkigawa maji. Kote huko yumo.

Baada ya hapo, usiku wake, mfunike vizuri, aendelee kunywa, na umpime joto kabla hajalala. Joto likifika 38 usingoje asubuhi na usiridhike na panadol, mpeleke hospitali usiku huohuo, Kitete au popote palipo karibu wanapolaza watoto, na useme mlangoni, "Ana selimundu na ana homa." Mpeleke vivyo hivyo akiwa na maumivu yasiyotulia kwa dawa aliyopewa, akihema kwa shida au kifua kikimbana, akipauka ghafla au tumbo la kushoto likivimba, kichwa kikimuuma kuliko kawaida, mkono au mguu ukilegea, au ulimi ukawa mzito. Hayo ya mwisho ni dalili za kiharusi, na watoto wa selimundu hupata kiharusi. Ukienda kliniki uliza pia kuhusu kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoangalia mwendo wa damu kichwani. Hufanywa kuanzia miaka 2 hadi 16, na yeye bado yumo.

Utasikia watu uwanjani wakizungumzia tiba ya kupona kabisa. Si uongo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshapandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, ila inahitaji mtu wa kuchangia anayelingana naye, kwa kawaida ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na ina hatari zake. Tiba ya kuhariri jeni iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, kwa bei inayozidi dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Muulize daktari wake kama upandikizaji unamfaa. Hiyo nyingine tuisome magazetini kwa sasa. Na anayekuuzia chupa ya kuponyesha selimundu pembeni ya uwanja, mpite.

Kama binti ataamua hashiki bango, msimlazimishe, na msiliache lipotee. Mpeni wifi. Kwa hesabu niliyokueleza hapo juu linaweza kumhusu kuliko anavyodhani, na kama ana watoto wanaokaribia kuoa na kuolewa, meza ya vipimo itakuwa hatua chache tu kutoka atakapolisimamisha.